Kidole cha Mama Kathure

Jumatatu, 3 Machi
Nimemkosea Mama Kathure. Naandika hivyo kwanza kabla sijaanza kujitetea.
Kazini hapa Embu saa mbili. Chai, kompyuta, kuchora vibonye vya skrini kama kila siku. Leo nimechora kimoja tu, nikakifuta.
Ijumaa nilienda kwake Mitunguu kuuliza kama programu yetu inamsaidia. Mkulima anapiga picha ya jani la ndizi, mashine inamwambia ni ugonjwa gani. Kukisia ni kazi ya mashine. Vile skrini inakaa ni kazi yangu. Nikakuta shamba tupu. Migomba arobaini, ameng'oa yote. Mashine ilisema ni mnyauko, ugonjwa usio na dawa ila kung'oa. Afisa wa kilimo alikuja akiwa amechelewa, akapasua shina moja lililokuwa limelala pale, akatafuta yale maji ya njano ya ugonjwa. Hakuna. Ilikuwa kiu tu. Paipu ilikuwa imeziba.
Hakunikasirikia. Alicheka. "Baba Kendi, hiki kidole ni cha jembe. Nilibonyeza vibaya."
Nikanyamaza. Nikakula githeri yake, nikarudi Embu.

Jumanne, 4 Machi
Hakubonyeza vibaya.

Jumatano, 5 Machi
Mwenda ndiye anafundisha ile mashine. Nimemwambia afungue rekodi ya siku hiyo. Mashine ilikuwa na uhakika nusu na kidogo, basi.
Akaniangalia. "Lakini si ni wewe uliondoa hiyo namba kwa skrini, mzee?"
Ni mimi. Mwaka jana tukijaribu na wakulima, wakiona "labda" walikuwa wanasita, wanaweka simu chini. Mimi nilikuwa nimetoka kwa kozi ya saikolojia, nikajiona najua watu. Nikaondoa namba na "labda". Nikaweka rangi nyekundu, picha ya panga, na uso wa mama mwenye kitambaa, mtu mzima wa kuheshimiwa. Wakaacha kusita. Nikapigiwa makofi ofisini. Nilifurahi sana, niseme ukweli.

Ijumaa, 7 Machi
Kuna kitu hakinitoki. Chini ya ile panga niliweka swali. Una uhakika? Ndio. Hapana.
Mashine ndio haikuwa na uhakika. Halafu nikauliza yeye.
Aliniambia siku ile, na sikusikia vizuri: "Yule mama wa simu aliniuliza kama nina uhakika. Nikaona nikisema hapana atajua sikusoma."
Kwa hivyo aling'oa kwa aibu. Aibu niliichora mimi.

Jumapili, 9 Machi
Kanisa. Sikushiriki meza ya Bwana. Mama Kendi akauliza shida ni nini, nikasema tumbo. Uongo mwingine.
Mchana Kathure amepiga simu. Kikundi cha wamama kinamwita mamake Mama Bonyeza. "Mama Bonyeza, usiguse hiyo sufuria, italipuka!" Anacheka nao. Lakini Jumamosi anataka kuacha uenyekiti. Miaka kumi na moja ameongoza hao watu. Ati aliyeshindwa na simu hawezi kuongoza mtu.


Jumanne, 11 Machi
Mkubwa anataka ripoti iseme "kosa la mtumiaji".
Sasa nitaandika kile sikuandika wiki jana. Hayo maneno yalikuwa yangu. Niliyaweka kwa ripoti Jumatatu ya tarehe 3, hata kabla ya chai.
Leo nimeyafuta. Nimeandika: kosa la mchoraji. Mkubwa hajajibu.

Alhamisi, 13 Machi
Mvua kidogo. Nimerudisha "labda". Sasa jani la kwa skrini linajaa rangi nusu tu, na mashine inasema yenyewe: Sina uhakika. Ita afisa kabla hujakata. Panga nimetoa. Mwenda ameangalia, akasema ni sawa.
Jirani ya Mama Kathure kule Mitunguu ameniwekea miche arobaini ya migomba.
Jumamosi tarehe 15, saa nne, kabla Mama Kathure hajasimama kuacha kiti, nitasimama mimi. Mbele ya wamama wote. Nitawaonyesha kwa simu mahali nilificha "labda", na niseme kidole chake hakikukosea. Wakitaka kunipa hilo jina la Bonyeza, nitalichukua.
Halafu nitaanza kuchimba mashimo shambani kwake. Jembe nimeshanoa.