Mwenyekiti wa Watoto wa Alfajiri

Magdalene, mwenzangu, sikia haya. Wanjohi amempasua Gitonga kichwa kwa kiti! Hapa Rissne, ugenini, mkutanoni!

Kiti, Magdalene! Na jino lake nimeliona kwa macho yangu sakafuni.

Yule ofisa wa manispaa, hiyo kommun yao, alikuja na ufunguo wa chumba cha kulelea watoto wa wanaofanya usafi alfajiri. Akauliza, "Kiongozi wenu nani?" Sisi mabibi tukatazamana. Tumelea wajukuu miaka yote kwa kupigiana simu tu, kiongozi wa nini? Hao wanaume wawili, ambao hawajawahi kubadilisha hata nepi, wakasimama: "Ni mimi!"

Gitonga akasema, "Kaa chini, mwosha vyoo." Kiti kikaruka. Damu mpaka kwenye sufuria ya chai!

Kitendawili: mtoto hana baba mpaka atembee, akitembea anao wawili. Ndio mradi wetu huo.

Ofisa akasema bila kiongozi hakuna chumba. Kaondoka na ufunguo wake.

Basi kesho alfajiri mlete mjukuu wako kwangu, nitatandika magodoro sebuleni. Wapigie na wenzako. Na mwanamume atakayekuja hapa kujiita mwenyekiti, nitamvunjia mwiko mgongoni.