Herufi Z Ndani ya Pindo

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Hillbrow tu wazima. Shangazi yako amepata binti. Umeuliza kama kweli niliwahi kuruka na parachuti. Ya vita tuyaache. Kule Zaire niliwashonea askari maparachuti yaliyochanika, na desturi ilikuwa fundi aruke kwanza na lile alilolishona. Niliruka, mshono ukashika, nikashuka nikicheka! Mpaka leo simpi mteja gauni ambalo mwenyewe nisingelivaa.

Juzi nimelikuta parachuti lile kwenye makumbusho ya hapa Johannesburg. Askari mmoja mzee aliyepigana Zaire alilileta. Kibao cha maelezo kando yake kilitaja wanaume tu. Nikamwambia msimamizi afunue pindo, aone Z ya Zawadi, jina langu, niliyoidarizi kwa uzi mwekundu. Akafunua. "Eish, gogo!" akashangaa; gogo ni bibi kwa Kizulu.

Leo kibao kinaanza hivi: "Zawadi alilishona, akaruka nalo kwanza."

Bibi yako, fundi