Kamba ya Kiunoni mwa Timothée

Kamina, Mei 1953

Mama mpenzi,

Nakusalimu sana kwa jina la Bwana. Je, mgongo wako umepoa? Baba naye, na majirani wote wa Kabongo? Sisi tu wazima. Yaya Abigaïl, binti yako mkubwa, anakusalimu, na mwanawe, mjukuu wako Timothée, sasa anakaa bila kuegemezwa.

Tangu nimalize shule namsaidia yaya kazi. Kila Alhamisi tunakwenda mtoni kumenya mihogo iliyolowekwa, pamoja na Mama Kabedi na Mama Phébé wa kanisani. Pale kila mmoja humuuliza mwenzake: wiki hii ulitembeaje na Mungu? Mikono iko majini, hakuna anayekutazama usoni, basi hata mimi husema kidogo. Mama Kabedi hunitania kwamba mihogo ina maneno mengi kuliko mimi.

Siku moja yaya alijibu kwamba Timothée amefungwa kamba ya dawa ya mganga kiunoni, chini ya nguo. Alisema mchana anamwomba Mungu, na usiku anaishika ile kamba. Watoto wawili amekwisha kuwazika, hawezi kuikata. Nilidhani watamshtaki kwa pasta. Mama Phébé akaendelea kumenya. Mama Kabedi akasema tu kwamba wiki ijayo watamuuliza tena.

Na waliuliza. Kila Alhamisi yaya alijibu kwamba ingalipo. Hawakumkaripia, wala hawakuacha kuuliza, na jioni mmoja wao alikuja kuketi naye asibaki peke yake na hofu.

Alhamisi iliyopita yaya alinipa mtoto nimshike, akachukua kisu cha mihogo. Akakiweka kwenye kamba. Wale mama wawili wakaweka mikono yao juu ya mkono wake, na kamba ikakatika. Timothée akacheka, miguu yake ikigusa maji baridi. Mama, mwili wangu wote ulisisimka. Niliona kama Mungu amechuchumaa pale pamoja nasi, kati ya maganda.

Sasa neno gumu. Yaya hakumtaja aliyeifunga. Lakini mimi nilikuwa mlangoni siku ile ulipokuja kwetu ukaifunga wewe, nawe ulikuwa unalia. Yaya hakulaumu, na mimi sijamwambia mtu. Ila najiuliza: huko Kabongo, wewe mke wa mwalimu wa kanisa, nani anakuuliza?

Nisamehe, mimi ni mtoto wako tu. Kama hayupo, naomba niwe mimi, kwa barua, nawe uniulize vilevile.

Wiki hii, mama, ulitembeaje na Mungu?

Umsalimie baba, na bibi umshike mkono kwa niaba yangu.

Mimi binti yako,
Noémie