Milo Mitatu kwa Siku

Mwisenge, Musoma,
9 Novemba 2024.

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Sijui goti lako la kushoto linaendeleaje na mvua hizi, na kama yule kuku wako wa kishingo ametotoa au bado anakula mayai yake mwenyewe. Mimi huku mwili ni mzima. Naamka, nakwenda kazini, nachapa ripoti, narudi. Ila moyo umechafuka, mama, na aliyeuchafua ni wewe. Niwie radhi kwa kulisema mapema hivi. Nilijaribu kulisogeza mbele nikashindwa.

Utashangaa kuandikiwa barua wakati simu ipo. Simu nimepiga mara tano. Kila nikifika kwenye neno pampu, mtandao wa Bugwema unakatika. Nikiuliza habari za shangazi, unarudi. Ndiyo maana nimeona nitumie karatasi.

Unajua nilivyohangaika na masomo haya. Miaka miwili nimesomea shahada ya uzamili ya maendeleo ya kimataifa na ya jamii, yote kwa mtandao, huku watu wananicheka. Mugeta wa ofisini kwetu alikuwa akiniuliza kama chuo changu kina geti. Wewe uliwatangazia watu wa jumuiya kwamba Stellah anasomea kwenye simu, na ulisema kwa fahari, sikuchukia. Kwa kuwa chumbani kwangu mtandao unasuasua, vipindi nilihudhuria kwenye banda la Abubakary, fundi cherehani wa hapa Mwisenge, nimejibana kwenye kona na laptop magotini. Siku moja mwalimu wangu, ambaye yuko ng'ambo, aliuliza kama kwetu mvua inanyesha. Zilikuwa cherehani nne zinashona sare za shule! Darasa zima walicheka, kila mtu akiwa nchini kwake. Abubakary alipoelezwa hakucheka. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi jioni saa za kipindi, mafundi wake walikuwa wanashona vifungo kwa mkono ili mimi nisikie. Mtu ambaye si ndugu yangu alinitendea hivyo, na nakuomba ulipime hilo unapoendelea kusoma.

Kumaliza shahada kunataka utafiti, na utafiti, kwa ufupi, ni kuuliza watu maswali na kuandika walichojibu. Vikundi vya kuchagua vilikuwapo, Bunda na Butiama na hapa mjini. Nikachagua kikundi chenu cha bustani, kilichoachiwa pampu ya maji na wafadhili, ambacho mwenyekiti wake ni wewe. Mwalimu alinionya kwamba kumhoji mama mzazi kuna matatizo yake. Nilimjibu kwamba matatizo ni ya wageni, mimi pale ni mtoto wa nyumbani, hakuna wa kunificha kitu. Leo naona aibu hata kuifungua ile barua pepe.

Julai nikaja. Mkanipokea kwa wimbo. Mkanikalisha kwenye kiti cha plastiki kilichotandikwa kitenge, nikapewa soda na karatasi laini ya kufutia mdomo wa chupa. Mimi, ambaye siku zote nikifika nyumbani napokelewa kwa kutumwa kuni! Pampu inanguruma, maji yanapita kwenye matuta ya mchicha. Nikawahoji wanawake thelathini na wawili, mmoja mmoja, na wote wakajibu vizuri kuliko vitabu vyangu. Pampu inafanya kazi kila siku. Waume wanasaidia kuchota maji. Mzee Werema, ambaye tangu nizaliwe sijamwona ameshika ndoo, mke wake alisema anapikaga kila Jumatano. Nilipofika kwenye swali la chakula, wote walisema wanakula milo mitatu kwa siku. Na wewe, mama, uliniangalia usoni ukasema milo mitatu, na matunda.

Nikaandika tasnifu yangu. Mwalimu alifurahi, akasema ni nadra kuona mradi umesimama imara hivyo miaka minne baada ya wafadhili kuondoka. Septemba nikapata alama za juu kabisa. Ofisini wakanikatia keki, na Mugeta akaacha kuulizia geti. Na kwa kuwa mama yangu anakula milo mitatu na matunda, yale madebe mawili ya unga niliyokuwa nakutumia kila mwezi, nikaacha kuyatuma kuanzia Agosti.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa Mwigobero nanunua dagaa. Akanijia mwanaume mmoja, akajitambulisha kwamba anaitwa Shija na analima nyanya upande wa Bunda. Akanipa hongera ya masomo, kisha akaniomba kwa upole nimkumbushe mama kwamba pampu yake aliyoiazimisha Julai ilirudi salama, ila mpira wa mita ishirini haujarudi mpaka leo. Nilidhani amenifananisha. Akashangaa, akauliza kama si mimi yule mtoto wa mama mwenyekiti aliyekuwa na mtihani.

Jumamosi iliyofuata nikapanda pikipiki kuja Bugwema bila kukuarifu. Wewe ulikuwa umekwenda msibani Butiama. Nikamkuta mama Hilda, mhazini wenu, anapalilia mihogo palepale nilipoonyeshwa mchicha. Nikamuuliza pampu iko wapi. Alicheka, maana alidhani najua. Akanieleza kwamba pampu yenu ilikufa mwaka wa pili na imefunikwa gunia nyuma ya nyumba yako. Kwamba uliwaita Jumapili mbili baada ya misa ukawafundisha majibu mpaka yakawakaa, na mke wa Werema ulimrudisha mara tatu kwa sababu akifika kwenye Jumatano anacheka. Kwamba uliwaambia mtoto wetu anafanya mtihani mkubwa, na majibu ya mtihani wenyewe tunayo sisi, sasa nani atakubali kumfelisha? Mama Hilda alisimulia kwa furaha kabisa. Mwisho akaniuliza tumefaulu kwa ngapi.

Nililia mbele yake nikiwa na viatu vya ofisini kwenye matope. Kijiji kizima kilijua isipokuwa mimi. Mlinifanya kama mnavyowafanya wale wanaokuja na magari: mnawaimbia, mnawapa soda, mnawapa majibu waliyoyafuata, wanaondoka wameridhika. Mimi sikuja na gari, mama. Nililala kitandani kwako usiku ule, mgongo kwa mgongo, na bado hukuniambia. Umenisaliti. Nimetafuta neno dogo zaidi ya hilo sikulipata. Ningejua pampu imekufa, ningeandika kwa nini imekufa, na huenda mtu mahali fulani angejifunza kitu. Hiyo ndiyo kazi niliyoisomea.

Tulipoagana mama Hilda akaniambia na jingine, sauti ameishusha. Tangu Agosti unakula mara moja tu, jioni, na siku nyingine unapita kwake kama mtu anayeulizia chumvi, unakaa hadi anapoivisha.

Nilikusudia barua iishie hapo. Nimekaa nayo siku mbili bila kuitia kwenye bahasha, maana lipo jambo ambalo mama Hilda halijui, na wewe pia hulijui.

Siku ile ya Julai, ulipotoka kuwasindikiza wanawake, niliingia jikoni ili nikukorogee uji. Nikafunua debe la unga. Lilikuwa tupu, unga wa mwezi ule umekwisha, limekung'utwa hadi kwenye kona. Nikafunua sufuria, nikakuta maji. Na kikapu cha matunda sikukiona popote. Fomu ya majibu yako nilikuwa nayo kwapani. Habari ya pampu mlinidanganya nikadanganyika, lakini njaa yako, mama, niliiona kwa macho yangu. Nikalifunika debe. Nikarudi nje nikakaa kwenye kile kiti, na ile tatu niliyoiandika nikaiacha ibaki tatu, kwa sababu fomu thelathini na mbili zilikuwa zimekubaliana vizuri na tarehe ya kukusanya kazi ilikuwa karibu. Niliporudi Musoma, kila nilipotaka kukutumia unga niliona ni kama nakiri kwa mkono wangu kwamba utafiti wangu ni uongo. Basi sikutuma, mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi. Wewe ulidanganya ili mwanao afaulu. Mimi nilijua una njaa, nikafaulu nayo.

Jana nimemwandikia mwalimu yote, lako na langu. Amejibu kwa maneno machache kwamba kamati itakaa, na huenda shahada ikafutwa, au nikaambiwa nirudie utafiti wote. Usiwaambie wanawake wenzako kwamba wamenifelisha, kwa maana si wao. Nilitaka kuzichana kurasa za mwanzo za barua hii, halafu nikaziacha. Uchungu ule nao ni wa kweli. Bado unaniuma kwamba hukuniamini ukanipa ukweli wa nyumbani kwetu, hata kama sasa nimejua mimi mwenyewe sikustahili kuaminiwa.

Nisalimie mama Hilda, umwombe msamaha kwa niaba yangu, maana nilimwacha kwenye mihogo bila kumuaga. Mke wa Werema mwambie nampenda. Mpira wa Shija nimenunua mwingine, nitampelekea mwenyewe.

Masatu aliyekuletea barua hii amefunga gunia la unga nyuma ya pikipiki. Asiondoke mpaka amelifikisha jikoni. Najua utanikasirikia, na una haki, sitajitetea. Ila nakuomba, mama, songa ugali kwanza, ule ushibe, ndipo unikasirikie.

Ni mimi binti yako,
Stellah.