Mupini wa Muvula

Mama yangu mupenzi,

Nakusalimia mu jina la Yesu, na mukono yangu iko mu mukono yako. Magoti iko aje? Dada Elodie anakupeleka kanisani bado? Batoto bangu bako muzima. Hata Plamedi amemaliza kukohoa. Mimi pia niko na nguvu, kuliko vile muliniacha.

Mama, unajua kama tangu tulikimbia kutoka Ntoto nilikuwa natumika kule Kibabi na Papa Nzabonimpa, mufuaji wa visu. Yeye anafua chuma, mimi nachonga mipini. Mwanzo bantu balicheka, balisema mwanamuke wa mipini ya visu hatapata bwana wa pili. Nilibajibu kama wa kwanza alinitosha, Mungu amulaze pema.

Kisha Mama Verdiane, anayetengeneza fromaji, ile jibini ya maziwa ya ngombe, kule kilimani, akaomba visu vya kuuzisha pamoja na fromaji yake. Alitaka mupini mweusi-mweusi, muzito, wenye haupasuke na maji. Nilianza na mukaratusi, ukapasuka. Tukatafuta muti mwekundu wa pori. Kwa macho ulikuwa muzuri sana, lakini ulikuwa mubichi. Wakati ulikauka, misumari ililegea na kisu kikacheza mu mukono. Mama Verdiane akarudisha vyote, na uso umefunga. Papa Nzabonimpa akaniambia nisichague tena kwa rangi, nitafute muti wenye ulikauka zamani, chini ya paa ya muntu.

Njo nikawaza mulango wetu wa Ntoto. Marehemu Papa aliusimamisha na nguzo mbili za muvula, ule muti mugumu, mbele mimi nizaliwe. Nikashuka Ntoto pamoja na bamama ba soko. Nyumba iliungua, kuta zilianguka, lakini zile nguzo zilisimama, nyeusi inje. Nilipiga panga, panga ikaruka. Ndani, Mama, muti ulikuwa kahawia kama asali, haukuwa na ufa hata moja.

Papa Barthélemy, jirani, alikuwa analima maharagi mu parseli yetu, kile kiwanja Papa alituachia. Alikuja mbio, akasema Kaka Édouard amekwisha kumuahidi kumuuzisha ile udongo, nisiguse hata kijiti.

Nilimujibu: "Édouard aliahidi na kinywa yake. Huu ni mulango ya baba yangu, na mimi niko mutoto wake sawa Édouard."

Nikakata nguzo moja mbele ya macho yake.

Nilichonga, nikapakaa mafuta ya ngazi, ile ya mawese, mpaka muti ukaiva, ukakuwa karibu mweusi. Mama Verdiane aliloweka kisu kimoja mu maji usiku muzima, asubuhi akakivuta ku mupini kwa nguvu zote. Hakikutikisika. Akacheka, akachukua vyote, anaomba vingine.

Sasa, Mama, neno lenyewe. Hii barua siandike ku Kibabi. Niko Ntoto. Nimejenga chumba kwa ile nguzo ingine, na ndani njo ninalala na batoto. Nilienda kwa chefu wa mugini, mukubwa wa kijiji, nikasema mbele ya bantu bote kama binti ya marehemu Sébastien amerudia. Papa Barthélemy nilimwachia avune maharagi yake, kisha aondoke, na amekubali.

Najua Édouard atasema mutoto mwanamuke hana parseli, tena barabara haijatulia, bantu ba bunduki bako bado. Woga niko nao, sikudanganye. Batoto banalala na viatu ku miguu. Lakini kutoka Kibabi pia tulikimbia, na kutoka Kashuga mbele ya Kibabi. Kama ni lazima kukimbia tena, nitakimbia nikitoka kwetu.

Umwambie Kaka: hakuna kitu cha kuuzisha hapa. Kama anataka kuja, alete jembe, shamba iko kubwa. Kama analeta mununuzi, tutabapikia chakula, bakule, barudie.

Musalimie Dada Elodie, na bamama ba korali, na jirani anayekusomea hii barua. Asipunguze neno hata moja. Mungu akulinde, Mama, mpaka siku utakaa hapa kwetu.

Mimi mutoto wako asiyehama tena kwa kupenda,

Chantal