Chimakonde chetu kimefika Makote

Dada Zainabu,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Makote, nimejitanda khanga mbili maana ukungu wa huku Newala una baridi hata saa nne asubuhi.

Ile hofu yako kwamba watatucheka, nami nilikuwa nayo njia nzima. Tangu mama afariki, hapo Tabora Chimakonde tunakizungumza sisi wawili tu, na nilishaanza kudhani tumebaki na lugha isiyojulikana na mtu mwingine. Nilimkuta mama mdogo Somoe anachochea moto chini ya sufuria ya ming'oko, vile viazi vya porini. Nikamwamkia kwa Chimakonde. Akanitazama sana, kisha akasema, "Unaongea kama dada yangu." Akalia kidogo, na mimi nikalia.

Tukazungumza mpaka ming'oko ikaiva, na hakuna mahali nilipomwomba arudie. Neno moja tu ndilo lililomshinda. Nilipompa zawadi ya viazi vikavu nikaviita matobolwa, naye akauliza, "Hicho nacho ni Chimakonde cha wapi?" Kumbe ni Kinyamwezi, na miaka yote nilidhani ni neno la mama. Alicheka hadi akashika ukuta, lakini viazi alivila vyote.

Nilimweleza kwa nini hukuja. Akasema, "Mwambie aje akosee hapa, nimsahihishe mwenyewe."

Nimepumua, dada. Mungu akulinde wewe na wanao.

Mdogo wako,
Hadija