Nyumba Yangu Nyuma ya Uhindini

Mbeya, masika yamekatika na baridi imeanza

Kwa kaka yangu Fidelis, na Mama anayesikiliza,

Kamwene, kaka, na shikamoo. Mnaendeleaje huko Kalenga? Mguu wa Mama umepoa? Kijiji kipya mmekizoea, au bado mnaamka asubuhi mkitafuta mlango upande wa zamani? Sisi huku ni wazima, mimi na wapwa zako Anyisile na Tumaini, ingawa baridi ya mwaka huu inauma hadi kwenye meno. Msomee Mama barua yote. Najua tabia yako ya kuruka sehemu za kumtia hofu. Usiruke, maana mambo yaliishia pazuri.

Uliniandikia nirudi nyumbani. Ulisema tangu mume wangu Andengenye afariki sina ninachongoja mjini, na shamba la Baba la bondeni huko Kalenga lipo. Nilishukuru sana, kaka, na nililia. Lakini sikujibu, kwa sababu kulikuwa na jambo nililotaka kwanza lifike mwisho. Sasa limefika. Nimejenga nyumba. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, ina sakafu ya saruji na bati juu, na hati ya kiwanja ina jina langu. Nitakueleza ilivyokuwa.

Unajua kwamba napiga msasa na vanishi kwenye kiwanda cha mbao cha Bwana Hasanali. Yeye ni Mhindi, ila kazaliwa hapa hapa Mbeya, na Kisafwa cha wenyeji anakisikia kuliko mimi. Wenzake wengi walipofunga maduka na kwenda ng'ambo, yeye alibaki. Siku moja baada ya kazi alituita uani, tukakaa juu ya magogo. Alikuwa amevua kofia, akawa anaizungusha mikononi kama mtu aliyeitwa barazani.

"Mji huu mnaujua," alisema. "Enzi za Mwingereza, Wazungu walikaa juu kule, sisi katikati, na nyinyi mkasukumwa bondeni, mahali ambapo hamkuruhusiwa kujenga nyumba ya kudumu. Sheria ile imekufa, lakini nyumba zimebaki pale pale. Baba yangu alipata viwanja nyuma ya Uhindini kwa sababu ya rangi yake, basi. Vingine mpaka leo ni majani matupu. Nimewaambia watu wa ardhi kwamba naviachia, wapewe wafanyakazi wangu. Mbao, bati na saruji nitatoa mimi. Si mkopo. Matofali na nguvu ni zenu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Mwambene, msimamizi wetu wa msumeno mkubwa, alisema kwa sauti ya kusikika, "Tajiri akikupa ng'ombe, kamba hubaki mkononi mwake."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nafikiria chumba chetu cha kupanga kule bondeni, mvua inavyoingia chini ya mlango na kulowesha mkeka wa watoto. Nikasimama.

"Bwana," nikamwuliza, "hati itaandikwa jina la nani? La kiwanda au la mtu? Nikifukuzwa kazi kesho, nyumba inakwenda wapi?"

Alinitazama. "La mtu. Ukifukuzwa, ukiacha mwenyewe, nyumba ni yako. Hata mimi sitaweza kukutoa."

Hapo kicheko kikakatika. Karani akaanza kuita majina, na kaka, yote yalikuwa ya wanaume. Nilipouliza akanijibu kwamba ni wakuu wa kaya tu.

"Kaya yangu mkuu wake nani?" nikasema. "Andengenye yuko kaburini. Anayelisha watoto ni nani?"

Kijana mmoja akanivuta kanga niketi. Sikuketi. Bwana Hasanali akasema, "Hilo sikulifikiria."

"Basi fikiria sasa, Bwana. Nipo hapa, nasubiri."

 Akamgeukia karani. "Mwandike Yustina. Na wanawake wengine wanaolea peke yao, waandike."

Nilidhani vita imekwisha, kumbe ndiyo ilikuwa inaanza. Kule ofisi ya ardhi kijana wa mezani aliniambia nilete mwanaume wa kusimama nami. Nikarudi bila mwanaume, akanirudisha. Nikaenda tena. Na habari zikafika Tukuyu, shemeji yangu Ambakisye akapanda basi akaja, amevaa koti lake la kanisani. Alizungumza kwa upole, tena kwa adabu, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Shemeji, nyumba iandikwe jina langu," alisema, "kwa ajili ya watoto wa marehemu. Wewe bado ni kijana. Ukiolewa kesho, mtu mwingine ataingia kwenye nyumba ya watoto wetu."

"Watoto ni wenu, siwanyimi," nikamjibu. "Lakini kaka yako hakuacha nyumba. Aliacha kitanda, koleo na watoto wawili. Hii nitaijenga kwa mikono yangu, shemeji."

Akaenda kwa Bwana Hasanali. Na Bwana, kaka, akalegea! Aliniita ofisini akasema, "Yustina, tutafute amani. Aandikwe shemeji yako, utakaa wewe. Tofauti ni nini?"

Nilimjibu maneno ambayo sikuyapanga. "Bwana, ulituambia zamani tulizuiwa kwa sababu ya rangi. Leo wewe unanizuia kwa sababu ya gauni?"

 Akaangalia dirishani, kule magogo yanakoshushwa. Mwisho akasema, "Nenda ardhi kesho. Waambie mimi sina pingamizi lolote na jina lako. Lakini kupigana nao utapigana mwenyewe, mimi wakiniona wataniambia nanunua watu."

Nikaenda, na sikwenda peke yangu. Wanawake wote wa chumba cha vanishi walikuja, mikono ikiwa bado na rangi, tukasimama mbele ya ile meza. Nikamwambia yule kijana, "Mwanangu, nionyeshe sheria inayosema mjane hawezi kuandikwa. Nionyeshe tu, nitaondoka." Alifungua hiki, akafungua kile. Mkubwa wake akatoka kwa sababu ya kelele, akauliza, akasikiliza. Akamwambia, "Unamtesa mama wa watu kwa sheria ya kichwani mwako. Mwandikie." Kwa hiyo nikaandikwa.

Kujenga nako kulikuwa na machozi yake. Tulifyatua matofali Jumapili baada ya ibada, na mvua ikaja kabla hatujayachoma. Kazi yote ikawa uji. Niliketi kwenye tope lile nikasema, Fidelis alisema kweli, narudi Kalenga. Mzee Mwambene, yule wa ng'ombe na kamba, ndiye aliyenikuta pale. Hakunipa pole. Alisema, "Udongo haujaondoka, mwanangu. Umelowa tu." Akakunja suruali akaanza kuukanyaga. Tulianza upya, safari hii chini ya maturubai ya kiwandani, na tanuri likawaka.

Majirani nao wana maneno yao. Wengine walimwendea Bwana Hasanali wakamwambia amewaletea wapika pombe. Ndugu yake wa damu hamsemeshi hadi leo. Mama mmoja wa nyumba ya mbele yangu alinijia siku ya kuchimba msingi akasema, "Hapa si mahali penu." Nikamwambia, "Mama, mbao za dari yako nilizipaka vanishi mimi. Leo napaka zangu." Bado hajanisalimia. Mumewe husalimia, akiwa peke yake. Watoto wao na wangu wanacheza gololi kwenye uchochoro, na anapowaita ndani huwa wanachelewa kusikia. Sina haraka naye. Mimi sihami.

Siku ya kupiga bati, Ambakisye hakuja. Alikuja mkewe, na mkungu wa ndizi kichwani. Aliniambia mumewe anajua yeye amekwenda soko la Uyole tu. Alizunguka vyumba vyote akigusa kuta, halafu akanishika mkono kwa nguvu. Nilimwelewa.

Kwa hiyo, kaka, shamba la bondeni mpe mdogo wetu Agripina. Mumewe mlevi, unajua. Lakini liandikwe jina lake yeye, pale kijijini, mbele ya mwenyekiti. Nakuomba kama dada yako, na nitakuuliza.

Nimeacha chumba kimoja kitupu, kile kinachopata jua la asubuhi. Ni cha Mama. Mavuno yakipita, mpandishe basi, nitampokea. Asilete jembe, aje na blanketi lake tu.

Nisalimie mkeo, wifi yangu mpenzi, mwambie sijasahau mbegu za maharage nilizomwahidi. Msalimie mjomba fundi wa baiskeli, na shangazi anayeongoza kwaya. Mwalimu wetu wa zamani akipita, mwambie zile hesabu za pembetatu alizonichapia zimenisaidia kwenye kenchi za paa.

Wapwa zako wanaiga saini yangu hapa pembeni, wanakucheka unavyosoma polepole.

Ni mimi mdogo wako, mwenye nyumba,
Yustina